Simu kwa Jina la Gethin

Gethin Prosser alipoihama nyumba ya mkewe mwezi Januari, alibeba nguo zake, viatu vyake vya kuvulia samaki na mto wake wa kulalia. Vingine vyote aliviacha vilivyo, pamoja na simu ya nyumbani na intaneti yake, ambavyo tangu wakiwa wachumba vilikuwa kwa jina lake. Wala hakwenda mbali. Alihamia kwa Meinir Beddoe, mitaa mitatu chini ya mteremko, katika mji uleule wa bondeni kule Wales ambako nyumba zimebanana kiasi kwamba ukipiga chafya jikoni, jirani anakuombea afya kupitia ukutani.

Eirlys, mkewe, hakulia mbele ya mtu. Kesho yake asubuhi alifungua kibanda cha nyuma ya nyumba, kilichokuwa zamani cha kuwekea makaa, akaendelea na kazi yake ya kuosha na kunyoa mbwa. Bonde zima lilileta mbwa kwake. Namba ya simu ya nyumba ndiyo iliyoandikwa ubavuni mwa gari lake, na wateja wake, wengi wao wazee, waliijua kwa kichwa kama wanavyojua nyimbo za kanisani. Simu ya mkononi alikuwa nayo, lakini wazee hao hawakuitaka. Walitaka kupiga namba ileile, waisikie ikilia kibandani, na Eirlys aipokee kwa sauti yake ya kukatakata maneno: "Mbwa gani, siku gani?"

Mwezi Machi aliamua kuihama Trimbel, kampuni iliyokuwa ikiwapa simu na intaneti. Bei ilikuwa ikipanda kila mwaka na intaneti ikizidi kuzorota, hata mashine yake ya kupokelea malipo ya kadi ilikuwa ikimgandia mbele ya wateja. Akapigia kampuni nyingine iitwayo Dolwen. Binti aliyempokea alikuwa na uchangamfu wa kufundishwa.

"Nipe jina la ukoo na anwani tu, Bi. Prosser, na uniambie uko kampuni gani sasa. Mengine tuachie sisi."

Eirlys akampa.

"Usiwapigie Trimbel kuwaambia unaondoka, sawa? Sisi ndio tutawaambia. Ukiwapigia mwenyewe wakaifunga laini, hiyo namba yako inaweza kupotea. Halafu yale makato yao ya benki usiyaguse mpaka bili ya mwisho iwe imepita."

"Sawa, sawa," alisema Eirlys, huku amembana kwa kiwiko mbwa mmoja mwenye manyoya marefu aliyetaka kuruka kutoka mezani. Nusu ya maneno yale yaliingia, nusu yalipotelea kwenye kubweka.

Alichosahau ni kwamba jina la ukoo lilikuwa la watu wawili. Kampuni mpya ilipowauliza Trimbel kama kuna Prosser kwenye anwani ile, Trimbel walijibu kwamba yupo, kisha wakamtumia ujumbe Prosser wanayemjua wao. Gethin aliupokea akiwa kwenye duka la kubahatisha mbio za farasi.

Haikupita saa, mlango wa kibanda ukasukumwa. Eirlys alikuwa na povu mpaka mabegani.

"Unafanya nini, Eirlys?"

"Naosha mbwa. Macho umeyaacha kwa Meinir?"

"Hii hapa." Gethin alimnyooshea simu yake usoni kama polisi anayeonyesha kitambulisho. "Wameandika: Tunasikitika kwamba unatuhama. Nani anahama? Mimi sijahama."

"Hujahama?" Eirlys alicheka, kicheko kisicho na furaha. "Sema tena, mbwa naye asikie."

"Laini ni ya jina langu. Mkataba ni wangu. Huna ruhusa ya kuugusa."

"Mkataba wako umekwisha tangu mwaka juzi. Niliona mwenyewe."

Gethin alitazama pembeni, kwenye rafu ya mashine za kunyolea. Alikuwa mwanamume mrefu, mwenye uso wa kupendeza ambao haukuwahi kumfundisha uongo mzuri, maana hakuuhitaji. Watu walimsamehe kabla hajamaliza sentensi. Eirlys naye alikuwa amemsamehe hivyohivyo kwa miaka mingi.

"Haujaisha," alisema. "Niliuongeza."

"Lini?"

"Niliuongeza tu. Walinipa bei nzuri."

"Bei nzuri gani, na kila mwezi wanakata zaidi? Uliuongeza lini, Gethin?"

"Ukiuvunja sasa kuna faini, na faini inakuja kwangu. Kwa hiyo hauvunjwi." Kisha, hapohapo mbele yake, akabonyeza kioo cha simu kwa kidole kimoja, taratibu, ili aone vizuri. "Tayari. Nimeuzuia huo uhamisho. Endelea na mbwa wako."

"Toka."

"Nusu ya nyumba hii ni yangu."

Eirlys alichukua bomba la kuoshea akalielekeza kwake. Maji yalimpata kifuani. Gethin aliondoka huku akitukana, na yule mbwa akamsindikiza kwa kubweka mpaka kwenye geti, akiwa nusu amelowa, nusu mkavu.

*

Siku mbili baadaye alikuja Meinir. Eirlys hakuwahi kumwona akipanda mteremko ule. Alikuwa mwanamke mfupi, katibu wa shule ya msingi, aliyezoea kuzungumza na wazazi wakorofi, na alisimama mlangoni pasipo kuombwa aingie.

"Sikuja kugombana," alisema.

"Basi umepotea njia, bibie. Hapa ni pa kugombana."

"Nimekuja kuhusu ile laini. Gethin ameniambia unataka kuuvunja mkataba. Ukiuvunja, Trimbel watataka runinga ilipwe yote kwa mpigo au irudishwe. Nami runinga yangu siirudishi."

Eirlys alikuwa akifuta meza. Kitambaa kilisimama.

"Runinga ipi?"

"Ile kubwa." Meinir alikunja uso, akishangaa kuulizwa. "Ile aliyoninunulia. Ilikuja na mkataba, inalipwa kidogo kidogo pamoja na bili ya simu. Alisema mmekubaliana."

"Alikununulia lini?"

"Novemba."

Mwezi Novemba Gethin alikuwa bado analala kitanda kimoja na Eirlys. Mwezi huohuo Eirlys aliugua kifua, na Gethin alimletea supu ya vitunguu na viazi kitandani, akamwekea mto mgongoni vizuri, akamwambia asiamke, mambo ya nyumba atayashughulikia mwenyewe. Kumbe ndiyo mambo aliyoyashughulikia.

"Sikiliza nikwambie," alisema Eirlys, na sauti yake ilitoka ndogo kuliko alivyotaka. "Hiyo bili inakatwa kwenye akaunti yetu ya pamoja. Tangu Januari bwana wako hajaweka humo hata senti. Anayeweka ni mimi. Hiyo runinga unayoitazama na miguu yako umeiweka mezani, ninailipa mimi, kwa kunyoa makalio ya mbwa."

Meinir alipata wekundu kuanzia shingoni. Kwa kitambo kidogo ilionekana kama angesema neno la kibinadamu. Lakini alikuwa mtu wa kusimama alipokwisha kusimama.

"Hayo ni yenu wawili," alisema. "Mimi nilipewa zawadi. Zawadi haiulizwi imelipwa na nani."

"Wewe huwa huulizi kabisa, shoga. Hata mume hukuuliza ni wa nani."

"Na wewe hukuuliza alikuwa wapi kila Alhamisi. Tusilaumiane kwa kutouliza."

Alishuka mteremko bila kugeuka nyuma. Eirlys alibaki akifuta meza ileile iliyokwisha kung'aa. Neno la Alhamisi lilikuwa limempata mahali pake. Siku za Alhamisi Gethin alikuwa akienda mazoezi ya kwaya, na Eirlys alikuwa akimpigia pasi shati.

Asubuhi yake alikwenda benki kabla hata hawajamaliza kuinua pazia la chuma.

"Nataka makato ya Trimbel yakome," alimwambia mhudumu.

"Mkataba umekwisha?"

"Kata."

"Ukisimamisha bila kumalizana nao, wanaweza…"

"Mpenzi, kata."

Mhudumu alikata. Eirlys alitoka nje, mvua nyembamba ikimnyeshea, akajisikia mwepesi kama mtu aliyetapika. Maneno ya yule binti wa Dolwen yalimpitia kichwani, yale ya kutogusa makato, akayafukuza. Binti yule hakuwa ameletewa habari za Novemba.

*

Aprili ilipita kimya. Gethin hakupanda, Meinir hakupanda, simu iliendelea kulia kibandani na intaneti kuchechemea. Eirlys alianza kuamini kwamba kumbe kampuni kubwa kama Trimbel haijali mteja mmoja wa bondeni. Hakujua kwamba Trimbel walikuwa wakijali sana, na kwamba vikumbusho vyote walikuwa wakivituma kwa mteja wao: Gethin. Naye Gethin alikuwa akivifuta bila kuvisoma. Alidhani ni matangazo, na vile ambavyo hakudhani ni matangazo alidhani Eirlys atavishughulikia, kama Eirlys alivyokuwa akishughulikia kila kitu.

Mwishoni mwa Mei kuna maonyesho ya kilimo katika uwanja wa juu ya mji. Wenye kondoo hupeleka kondoo, wenye keki hupeleka keki, na wenye mbwa huwataka mbwa wao wanyolewe wapendeze hata kama hawashindanii kitu. Wiki ile ndiyo iliyomlisha Eirlys majira yote ya kiangazi. Na Jumamosi ya kuelekea wiki ile, aliinua simu akakuta haina hata mlio. Kisanduku cha intaneti kilikuwa kimewaka taa nyekundu. Alikizima, akakiwasha. Nyekundu. Alichomoa nyaya, akazipuliza, akazichomeka tena. Nyekundu vilevile.

Hakujiuliza mara mbili. Jina moja tu lilimjia, na alitembea nalo mdomoni mitaa mitatu, aproni yake bado imejaa manyoya.

"Gethin!" Alipiga mlango wa Meinir kwa kiganja. "Gethin Prosser! Toka nje, mwanamume wa kulelewa!"

Madirisha ya jirani yalifunguka. Mlango nao ukafunguka. Gethin alikuwa amevaa jezi ya raga, mkononi ana kipande cha mkate wenye jibini iliyookwa.

"Una wazimu gani?"

"Umenikatia simu. Wiki ya maonyesho! Umengoja, umengoja, ukachagua wiki hii!"

"Sijakata kitu mimi."

"Muongo!"

"Eirlys, sijakata! Naapa kwa mama yangu!"

"Mama yako ulimwapia hivyohivyo kwamba unakwenda kwaya!"

Mtu mmoja kwenye dirisha la juu alicheka. Kicheko kile ndicho kilichommaliza Eirlys. Alimsukuma Gethin, aliyekuwa akiunusuru mkate wake usidondoke, akapita hadi sebuleni. Runinga ilikuwa ukutani, kubwa kama meza ya kulia, wachezaji wa raga wakikimbia humo kwenye majani ya kijani kibichi. Aliishika pembe mbili akaivuta. Haikutoka. Akaweka mguu ukutani akavuta tena. Ikatoka pamoja na kibanio chake, na unga wa plasta ukaanguka kwenye zulia, na wachezaji wakatoweka.

"Weka chini!" Meinir alikuwa ametokea jikoni. "Weka chini kitu changu!"

"Njoo ukichukue!"

Alitoka nayo mlangoni, akiikumbatia, haoni anapokanyaga. Gethin alijaribu kuishika upande mmoja. Kwenye ngazi ya mwisho mguu wa Eirlys ulikosa mahali, na runinga ikamponyoka, ikatua kwa pembe kwenye zege. Mlio wake haukuwa mkubwa. Kioo kilipasuka kimyakimya kutoka pembeni hadi katikati, kama barafu ya bwawani mtu anapoikanyaga.

Wote watatu waliitazama.

"Haya," alisema Eirlys, akihema. "Sasa nirudishie simu yangu."

Gethin aliitoa simu yake mfukoni. Alifungua ujumbe, na kwa mara ya kwanza alisoma kilichoandikwa, kwa sauti, na kadiri alivyosoma ndivyo sauti yake ilivyozidi kupungua. Malipo yamekataliwa na benki. Malipo yamekataliwa tena. Huduma itasimamishwa. Huduma imesimamishwa.

"Yamekataliwa na benki," alisema. Aliinua macho. "Benki. Nani alizungumza na benki?"

Eirlys aliyatazama madirisha. Pale dirishani juu hakuna aliyecheka tena, walikuwa wakisikiliza.

"Ulizuia makato," alisema Gethin. "Umejikatia simu mwenyewe. Halafu umekuja hapa kuvunja ukuta wa watu!"

"Nilizuia kulipia runinga ya hawara wako."

"Umejikatia mwenyewe!" Alianza kucheka, akijipiga paja, akiwageukia majirani kama anayetafuta mashahidi. "Mmesikia? Kajikatia mwenyewe!"

Eirlys alisimama na aproni yake ya manyoya. Angetaka ardhi ya Meinir impasukie. Alikuwa amekosea mbele ya mtaa mzima, na aliyekuwa na haki, siku ile moja katika maisha yake, alikuwa Gethin. Kumchukia hakukupungua hata kidogo kwa hilo. Kulizidi.

Aliyekatisha kicheko ni Meinir. Alikuwa ameichukua simu mkononi mwa Gethin na kusoma mwenyewe, kwa utaratibu wa mtu wa ofisi, mpaka ujumbe wa mwisho kabisa.

"Hapa wanasema deni limeandikwa kwenye jina lako," alisema.

"Nani?"

"Wewe. Limepelekwa kwa wale wanaoweka kumbukumbu za wakopaji." Aliinua uso. "Tunaomba mkopo wa nyumba Juni, Gethin. Mimi na wewe. Ulimwambia yule bwana wa benki kwamba huna deni lolote."

"Sikujua…"

"Umetumiwa tangu Aprili. Hukusoma?"

"Nilidhani Eirlys…"

"Ulidhani Eirlys!" Meinir alilitamka jina lile kama anatema kokwa. "Unaishi kwangu, unakula kwangu, na bado mambo yako anayafikiria Eirlys?"

*

Waliwapigia Trimbel palepale nje, simu imewekwa juu ya ukuta mfupi wa bustani, spika imefunguliwa, kwa sababu hakuna hata mmoja kati yao aliyemwamini mwenzake kuzungumza peke yake. Walingoja muda mrefu wakisikiliza muziki wa vinanda. Eirlys aliketi upande mmoja wa ukuta, Gethin upande mwingine. Meinir alisimama katikati na ufagio, akifagia vipande vya kioo kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Mwanamke wa Trimbel alipotokea, alithibitisha kwamba anaongea na Gethin, kisha akaeleza. Laini imesimamishwa tu, haijafungwa. Ikilipwa malimbikizo inafunguka. Ikifunguka, kampuni nyingine inaweza kuichukua pamoja na namba yake. Mkataba ukivunjwa kabla ya wakati, faini na salio la runinga vitakwenda kwenye bili ya mwisho ya mwenye akaunti.

"Na runinga ikirudishwa?" aliuliza Gethin.

"Ikiwa nzima, tunaweza kuifikiria."

Ufagio wa Meinir ulikwaruza zege.

"Kuna aliyeiangusha," alisema Gethin.

"Ulikuwa umeishika upande mmoja," alisema Eirlys. "Ungeiachia isingeanguka."

"Ungekaa kwako isingetoka ukutani!"

"Samahani," alisema mwanamke wa simu. "Nizungumze na mmoja tu."

"Nisikilize mimi, dada." Gethin aliinamia ukuta. Macho yake yalikuwa kwa Eirlys, na ule uso wa kupendeza ulikuwa umebadilika, umekuwa mwembamba. "Laini ikifungwa moja kwa moja, leo hii, hiyo namba inakwenda wapi?"

"Inarudi kwetu, bwana. Kuipata tena ni vigumu. Mara nyingi haipatikani."

"Na faini ninalipa vilevile?"

"Ndiyo."

"Vilevile. Basi mimi sipotezi kitu." Alinyoosha mgongo. "Ifunge."

Eirlys aliinuka. "Gethin."

"Ifunge, dada. Mimi ndiye mwenye jina."

"Gethin, usifanye hivyo." Alichukia namna alivyolisema jina lile, laini, kama zamani. "Hiyo ndiyo kazi yangu. Wazee wote wanaijua hiyo namba."

"Watajifunza nyingine."

"Bwana Prosser," alisema mwanamke wa simu, "una uhakika? Nikishaweka ombi hili siwezi kulirudisha."

Gethin alivuta pumzi kujibu. Kabla hajajibu, Meinir aliuegemeza ufagio kwenye geti, akasogea.

"Hana uhakika," alimwambia yule mwanamke.

"Wewe usiingilie," alisema Gethin.

"Naingilia. Ukiifunga kwa deni, deni linabaki. Huyu hatalilipa, na mimi nisingelilipa ningekuwa yeye. Juni tunakwenda benki na jina lako chafu. Basi chagua. Kumkomoa yeye, au nyumba." Hakupandisha sauti. "Na ukichagua kumkomoa, mto wako uko ghorofani. Unajua njia."

Gethin alimtazama Meinir, kisha Eirlys, kisha madirisha. Hakukuwa na dirisha hata moja lililokuwa tayari kumsamehe.

"Usiifunge," alisema hatimaye, karibu kwa kunong'ona.

Wakakubaliana pale ukutani kama watu wanaogawana mzoga. Eirlys angelipa malimbikizo, kwa kuwa ndiye aliyesimamisha makato. Gethin angelipa faini na runinga, kwa kuwa ndiye aliyeongeza mkataba kwa siri. Dolwen wakileta ombi upya, Gethin asingeligusa. Mwanamke wa Trimbel aliandika yote, akawatakia siku njema, na inaonekana alifanya hivyo bila kejeli.

"Na ukuta wangu?" aliuliza Meinir. "Na runinga, aliyeivunja halipi chochote?"

"Nusu yake nilikuwa nimekwisha kuilipia," alisema Eirlys, akijipangusa aproni. "Nimevunja nusu yangu."

"Usirudi tena mtaani kwangu."

"Mbwa wako akiota manyoya mpaka machoni, mpeleke mji mwingine."

"Sina mbwa."

"Unaye," alisema Eirlys, akimtazama Gethin, akaondoka.

*

Laini ilifunguliwa Jumatatu, maonyesho yakiwa yameshaanza, na nusu ya wateja wakiwa wamekwisha kupeleka mbwa wao kwa mnyoaji mmoja wa bonde la pili. Hasara ile Eirlys hakuwa na wa kumtupia. Alijaribu kumtupia Gethin kwa siku kadhaa, ikawa hairuki, inarudi.

Aliwapigia Dolwen tena. Safari hii hakuwa na mbwa mezani, na binti aliporudia maneno yake, usiwapigie wao, usiguse makato, Eirlys alimwomba ayaseme mara ya pili. Makato ya Trimbel aliyarudisha benki kwa mkono wake. Yalimkereketa, lakini aliyaacha yapite mpaka bili ya mwisho ilipotoka na Gethin akamrudishia sehemu yake ya bili hiyo kupitia wakili. Kuhama kwenyewe, baada ya vita vyote vile, kulichukua muda wa kunywa chai na kula kipande cha keki. Taa ya kisanduku kipya iligeuka kijani. Namba ilikuwa ileile. Bili ya kwanza ilikuja kwa jina la Eirlys Prosser, nayo ilikuwa sahihi, akaisoma akiwa amesimama, akitafuta kosa.

Habari za chini ya mteremko zilimfikia bila kuziuliza. Mkopo ulikataliwa. Meinir alikuwa ameziba tundu la ukutani na kuning'iniza picha ya ziwa. Gethin alionekana dukani akinunua chakula cha mtu mmoja, halafu akaonekana tena na Meinir, halafu watu wakachoka kumtazama. Eirlys alidhani angefurahi zaidi. Alichogundua ni kwamba wiki zile za ugomvi alikuwa akiamka na kazi ya kufanya kabla hata ya chai: kufikiria atakachomwambia. Sasa aliamka, akafikiria, na hakuwa na wa kumwambia.

Jumapili moja mchana simu ililia. Alipokea akidhani ni mteja. Alikuwa kijana mwenye uchangamfu wa kufundishwa, akimpigia kutoka kampuni ambayo hakuwahi kuisikia.

"Bi. Prosser? Hivi unajua kwamba unaweza kuhamia kwetu leo hii, bila usumbufu wowote?"

"Bila nini?"

"Usumbufu wowote. Sisi ndio tunafanya kila kitu, wewe huna haja hata…"

Eirlys aliketi kwenye kiti cha kunyolea mbwa. Akamwambia. Alimwambia kuhusu kuwachukulia watu kuwa wajinga, kuhusu sauti tamu na mikataba ya siri, kuhusu wanaume wanaoleta supu kitandani, kuhusu Alhamisi, kuhusu watu wanaosimama mlangoni pa wenzao na kusema zawadi haiulizwi. Alimwita mwongo, alimwita mlaji wa jasho la wanawake. Yote aliyokuwa ameyapanga kwa ajili ya mwingine, yakiwa yamenolewa vizuri, alimmiminia kijana yule, na kijana, kwa mshangao wake, alisikiliza muda mrefu kabla hajasema kwa sauti ndogo, sauti yake ya kweli, "Samahani sana, mama," na kukata.

Aliendelea kuushika mkono wa simu. Maneno yalikuwa bado hayajamwisha. Alifikiria kumpigia kijana yule kumwomba radhi, lakini namba yake haikuwa imeonekana. Akautua mkono wa simu mahali pake, akaenda kupanga mashine za kunyolea kwa ajili ya Jumatatu.